Mapigo Tisini na Nne kwa Dakika

Mofu, shambani
2 Februari 2025

Mwanangu mpendwa Dativa,

Kwa heshima na uzito unaostahili, naitangazia familia yote, walioko Mofu, walioko Lumemo, aliyeko Kidatu na wewe uliyetupwa huko Mpanda, kwamba mimi Anselim, baba yako mdogo, siku ya Jumanne saa mbili asubuhi nilinyoa ndevu zangu zote. Shughuli ilifanyika kwa amani. Wembe ulikuwa mmoja, mpya. Hakuna aliyejeruhiwa isipokuwa mwenye kidevu, na yeye hakulalamika. Mama yako mdogo Bernadetha alinitazama, akauliza kama nimefiwa, nikasema hapana, akaendelea kusugua sufuria.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Sisi wazima. Mama yako Yosefina nilimwona Ifakara kabla ya mwaka mpya, goti linamsumbua lakini ulimi uko sawa. Justin wetu bado anakata miwa Kidatu, anasema mwaka huu atakuja kuvuna, na mimi nimemjibu kama ninavyomjibu kila mwaka. Sisi tumehamia shamba tangu Desemba. Kijijini wamebaki kuku, wagonjwa na mtendaji. Dungu la mwaka huu nimelijenga juu kidogo, ngazi sita badala ya nne, maana maji ya mwaka jana hukuyaona wewe, yaliingia mpaka kwenye chungu kikiwa jikoni.

Najua utashangaa kupata barua. Huku chaji ni shida na mtandao unapatikana ukisimama juu ya kichuguu ukiwa umeinua mkono, na mtu wa umri wangu hawezi kuongea mambo ya maana akiwa amesimama namna hiyo. Tena kwenye simu unanikatiza. Barua hii ataipeleka kijana wa bodaboda mpaka Ifakara kwa Egidius, yule wakala wa mabasi aliyesoma na marehemu baba yako, naye ataitafutia dereva. Yako mrudishie yeye.

Shamba liko vizuri. Mpunga umeshika. Kuna vijiti vinne vyekundu vimejitokeza upande wa mtoni mwezi uliopita, viwili ndani ya shamba letu na viwili upande wa pili, karibu na anakolishia Deus, yule Msukuma. Si jambo kubwa, nakutajia tu.

Sasa nina swali la kitaalamu, kwa kuwa serikali imekusomesha uuguzi nasi tuna haki ya kufaidi. Kuna mtu hapa, simtaji, ni mtu mwenye akili zake. Mtu huyu akilala moyo unamgonga kama anakimbizwa, na hakimbizwi. Usingizi unamwisha alfajiri bado mbali. Juzi alikwenda mtoni kuchota maji akiwa na jembe badala ya ndoo, akafika, akalitazama jembe, akarudi. Shingo inamkaza. Chakula hakimpiti vizuri. Homa hana, malaria amepimwa hana. Wapo watakaosema ametupiwa kitu. Mimi sijasema hivyo, nimesema nitakuuliza wewe kwanza.

Jibu kwa lugha ambayo huyo mtu ataielewa.

Baba yako mdogo,
Anselim


Mpanda
27 Februari 2025

Shikamoo baba mdogo,

Barua yako imenifikia jana ikiwa na alama ya kikombe cha chai na harufu ya samaki. Dereva wa Egidius alimpa dereva wa Mbeya, wa Mbeya akampa kondakta wa huku. Nimefurahi mpaka wenzangu zahanati wakauliza kama ni posa. Mwambie mama mdogo namsalimu, nimekumbuka wali wake wa shambani na wale samaki, kitoga wa kukaanga. Mimi mzima. Tuko wauguzi wawili, watu ni wengi, nyumba niliyopanga ina maji siku mbili kwa wiki.

Huyo mtu usiyemtaja mpe pole. Mwambie amejieleza vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi, na ana bahati ya kuwa na rafiki anayemjua mpaka ndani ya usingizi.

Mweleze hivi. Ndani ya ubongo kuna kijisehemu kama karanga nene, kazi yake ulinzi. Kikiona hatari hakisubiri kikao. Kinapiga kelele, na juu ya figo zako kuna tezi mbili zinazosikia kelele hiyo zikamwaga adrenalini kwenye damu. Hapo moyo unakimbia, mishipa inabana, ini linatoa sukari ili miguu ipate nguvu. Tumbo linaambiwa lisubiri, maana hakuna haja ya kumeng'enya ugali wakati unakimbia. Hatari ikiendelea, tezi zilezile zinaongeza homoni nyingine, kotisoli, ya kukufanya udumu kwenye mapambano. Fikiria kijiji kizima kimeitwa kwenda kufukuza tembo. Shule imefungwa, mashine ya kukoboa imezimwa, hata anayezibua mtaro ameacha koleo amekwenda. Kwa siku moja ni sawa kabisa, ndivyo mwili ulivyopangwa.

Taabu ni pale tembo asipoonekana, na hakuna anayewaambia watu warudi. Wiki zinapita. Mtaro unaziba, watoto hawasomi. Ndivyo usingizi unavyokatika na kumbukumbu inavyochoka, mpaka mtu anapeleka jembe kuchota maji. Hata kinga ya mwili inaweza kukosea ikaanza kupigana na mwili wenyewe. Na presha inaweza kupanda ikakaa juu bila kichwa kuuma hata kidogo. Tunauita msongo. Si kurogwa na si uvivu, na mwenye akili zake anaupata kama mwingine.

Kwa hiyo mtu wako apimwe presha. Sio siku moja akiwa na nafasi. Wiki hii.

Sasa swali langu la kitaalamu. Ndevu zako nimezijua tangu nikiwa darasa la pili. Padri alikuomba uzipunguze ukakataa. Baba mdogo, kabla ya kunyoa, zilikuwa zimetoka mabaka? Duara, ngozi laini, kama mahali alipolamba mende? Kitu hicho hakiletwi na msongo peke yake, lakini nimeuliza.

Na hivyo vijiti vinne ambavyo si jambo kubwa, ni vya nini?

Mwanao,
Dativa


Mofu, shambani
30 Machi 2025

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu mbili. Mto ulifunga njia siku tisa. Sababu ya pili nilikuwa kwenye utafiti.

Familia haijambo. Mama yako mdogo anakwenda kanisani kila Jumapili kwa mtumbwi wa jirani, mimi nabaki kulinda. Mpunga umeanza kubeba mimba. Mwezi ujao ndege kweleakwelea watakuja na tutaanza kuamia, nimeshatundika makopo na kusuka kombeo mbili. Justin kasema atakuja.

Ndevu: mabaka mawili, kila moja kama sarafu ya mia mbili. Umeridhika? Na yule mtu nisiyemtaja ulishamtambua, basi tusipotezeane karatasi.

Baada ya kusoma ile habari ya kijiji na tembo nilikaa siku nzima nikiifikiria. Halafu nikasema maelezo ni mazuri ila ni ya darasani, mimi nataka kuona. Nina saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Nina shingo, na shingoni kuna mshipa. Nikaanza kuhesabu asubuhi, mchana na jioni, naandika kwenye daftari la Justin la darasa la sita, ambalo lina nafasi nyingi sana maana hakuwa mwandikaji.

Tarehe kumi na moja Mungu akaniletea majaribio bila kuomba. Nilikuwa natoka kuoga mtoni asubuhi, jua limeshatoka, nikakutana na kiboko. Hatukuwa na miadi. Alikuwa katikati yangu na dungu, hatua kama ishirini, amesimama kwenye mpunga wangu anatafuna. Mimi nina miaka hamsini na nane. Nilipanda mkuyu ambao kijana wa miaka ishirini angeomba ngazi. Nikiwa juu nikakumbuka sayansi, nikahesabu: mia moja thelathini na mbili. Kiboko akamaliza chakula chake, akaondoka polepole kama mgeni aliyekirimiwa. Nikashuka, nikawasha moto, nikabandika chai. Chai ilipochemka nikahesabu tena: sabini na nne. Chakula kilinipita vizuri siku hiyo, na nikalala kama mtoto.

Sasa soma hapa kwa makini. Kila asubuhi baada ya hapo nilikwenda kusimama karibu na kijiti chekundu, nikakitazama, nikahesabu. Kijiti hakina meno. Hakinipandishi zaidi ya tisini na nne. Lakini nikirudi, chai ikachemka, nikanywa, nikapalilia, nikala, jua likazama, bado ni tisini na mbili, tisini na tatu. Kiboko ananipandisha ananishusha. Kijiti hakinipandishi sana na hakinishushi kabisa. Mwili wangu kiboko unamjua, wamezoeana tangu zamani. Kijiti hauna habari nacho, haujui upande mti gani.

Nadhani umeshaelewa ni vya nini. Ni bikoni, alama za mipaka za wapima ardhi, au vinataka kuwa bikoni. Januari nilikwenda Ifakara siku mbili kununua dawa ya magugu, niliporudi nikavikuta. Namba zimeandikwa kwa rangi nyeupe. Mwaka juzi kule ng'ambo waliona vijiti kwanza, halafu watu wenye ramani, halafu wakaambiwa mavuno haya ndiyo ya mwisho. Shamba hili alifyeka babu yako. Baba yako na mimi tumekulia ndani yake. Mimi sitoki humu mpaka mwenye vijiti aje anikute nimesimama, aniambie kwa mdomo wake. Mtu akikuta dungu tupu ataandika kwamba hapana mtu.

Utauliza kwa nini sijaenda ofisi ya kijiji kuuliza. Ukiuliza umekiri kwamba umeviona. Sina haraka ya kukiri.

Hata Deus hajauliza. Juma lililopita nilimkuta asubuhi amesimama kwenye kijiti kama mimi, fimbo mabegani, amekunja uso. Miaka sita tumekuwa jirani na hatujawahi kusalimiana zaidi ya kuitana kuhusu ng'ombe wake. Nikamsalimu. Akaitikia, akaniuliza kama hivi vijiti tumeviweka sisi wakulima ili tumzuie. Nikamwambia mimi nilidhani kaviweka yeye na wenzake. Halafu akasema, "Tumbo linaniwaka tangu Januari, bwana. Hata maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe yananikataa." Nikamwonyesha kidevu. Akakitazama kwa heshima sana. Tukakaa kwenye tuta tukalinganisha kama wazee wa hospitali: yeye tumbo, mimi shingo, yeye anasahau majina ya ng'ombe, mimi jembe. Kwa usingizi nilimshinda. Nimemfundisha kuhesabu mapigo, yake themanini na nane.

Bernadetha hajui lolote na nakuomba ibaki hivyo. Nimemwambia shingo ni ya kulalia vibaya. Akijua, tutakuwa wawili tusiolala, na mmoja lazima apike.

Presha nitapima baada ya mavuno.

Baba yako mdogo,
Anselim, mtafiti


Mpanda
21 Aprili 2025

Shikamoo baba mdogo,

Heri ya Pasaka. Nilifanya kazi siku zote tatu. Nimefurahi kwamba mama mdogo anakwenda kanisani na kwamba mpunga umebeba. Barua yako niliisoma mara mbili nikicheka na mara ya tatu sikucheka.

Utafiti wako ni sahihi. Sikutegemea kwamba mtu mwenye saa moja na kiboko mmoja angefika hapo, lakini umefika, na hata wakufunzi wangu wangekupa alama. Sasa malizia. Kitu kinachokuweka tisini na nne miezi mitatu hakikai shingoni kusubiri uhesabu. Kinakwenda kwenye mishipa.

Umeandika "baada ya mavuno." Nataka nikueleze niliposikia maneno hayo mara ya mwisho, kwa sababu hatujawahi kuyaongea, na kwenye msiba wewe ulikuwa unashughulika na jeneza na mimi nilikuwa nalia ili nisiulizwe.

Ilikuwa Juni 2019. Nilikuwa nimekuja likizo, mwaka wangu wa kwanza chuoni. Baba alitoka shambani kwa siku moja kuleta magunia Lumemo. Alikaa pale barazani akasema kichwa kinamgonga kisogoni na macho yanaona vumbi. Nilimpa dawa ya maumivu, vidonge viwili, na maji. Begini mwangu kulikuwa na mashine ya presha. Nilikuwa nimeazima chuoni ili nifanye mazoezi, bado ilikuwa kwenye plastiki. Nikamwambia, baba, nikupime. Akacheka, akasema, "Nipime baada ya mavuno, nikiwa na uzito."

Mimi nikakubali. Niliona aibu kumwamuru baba yangu anyooshe mkono. Siku ya tatu alianguka kwenye uwanja wa kupuria. Watu wa Mofu mnasema Kelestini "alianguka", na mama naye husema hivyo, kama vile alijikwaa. Alipata kiharusi, baba mdogo. Mshipa ulipasuka kichwani, na ile mashine ilikuwa begini.

Sijamwambia mama hadi leo. Nimekwambia wewe.

Kwa hiyo sikuombi. Mwaka ule niliomba. Nataka namba mbili, ya juu na ya chini, zimepimwa na muuguzi kwa mashine, zimeandikwa kwa mkono wako. Mapigo umeshanipa, mapigo hayatoshi. Sitaki hadithi ya mwingine wala kiboko. Nimeomba ruhusa kazini kuanzia tarehe ishirini Juni. Kama namba hazijafika kabla ya hapo nitakuja mwenyewe mpaka kwenye dungu, nipande hizo ngazi sita, na mama mdogo nitamweleza yote nikiwa nimeshika mkono wako kwenye mashine. Siri yako nitaitunza hadi siku hiyo, si zaidi.

Wanaotaka kukutoa shambani hawajafika. Mimi nitafika.

Dativa


Mpanda
28 Mei 2025

Shikamoo baba mdogo,

Wiki tano. Nimempigia Egidius, anasema barua yangu alimkabidhi kijana wa bodaboda tarehe kumi na tano, na kijana anaapa alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukamrudishia kofia yake badala ya nauli. Simu yako haipatikani, ya mama mdogo haipatikani. Mama yangu kule Lumemo nimemuuliza kwa kuzunguka, anasema mko kwenye kuamia, hamna taabu.

Naandika hii fupi ili ujue nahesabu siku.

Tiketi ya tarehe ishirini nimeshaulizia.

Dativa


Mofu, kijijini
12 Juni 2025

Mwanangu Dativa,

Marahaba mara mbili, kwa barua mbili. Mama yako mdogo anakusalimu sana, yupo hapa ananisimamia nikiandika. Amesema nianze na kuomba radhi, basi nimeanza. Justin amekuja kuvuna. Sijui nikueleze nini zaidi, amekuja kweli, ana ndevu.

Barua yako ya Pasaka niliisoma nimesimama, kama ulivyoambiwa. Kofia ya kijana ilikuwa imeanguka, lakini nauli kweli nilisahau, nimeshamtumia. Niliisoma nikaikunja nikaiweka mfuko wa shati, ikakaa pale. Nilikuwepo uwanjani Kelestini alipoanguka. Nilimbeba mimi kichwa na Egidius miguu. Asubuhi ile alikuwa ameniambia kisogo kinagonga, na mimi nilimwambia akae kivulini ninywe uji nimpokee. Nikanywa vikombe viwili. Sasa na wewe unajua langu. Kidonge chako na uji wangu, tuviweke mahali pamoja, tusiendelee kubeba kila mtu kivyake.

Siku kumi na nne nilipiga makopo na kurusha kombeo. Ndege hawakula hata debe moja, hilo nataka lifahamike. Tarehe ishirini na tisa Bernadetha alichukua shati kufua. Nilikuwa juu ya dungu. Nilimwona chini amesimama na karatasi, maji yanachuruzika kwenye viwiko. Yeye husoma polepole na kwa sauti ndogo. Alipomaliza akapanda ngazi, akakaa. Nilijiandaa kwa kilio. Aliniuliza kama ni kweli silali tangu Januari, nikasema kweli. Kama ni kwa ajili ya kufukuzwa shambani, nikasema kweli. Akauliza nani anafukuza. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa mtoni.

Akasema, "Vile vijiti?"

Nikasema ndiyo.

"Vile ni vya wanafunzi wa kupima mafuriko. Wanaangalia maji yanafika wapi. Si walitangaza kanisani Jumapili mbili? Na Februari mtendaji aliitisha mkutano."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakujua kama nilitaka kujua, maana tangu Januari sijavitaja hata siku moja.

Dativa, nimeuchunguza mkutano huo wa Februari. Upo kwenye kumbukumbu za kijiji. Walihudhuria watu tisa, wanne wao wagonjwa, kwa sababu mtendaji mgeni aliitisha mkutano kipindi ambacho Mofu nzima iko kwenye madungu. Hata akidi haikutimia, lakini tangazo likasomwa, na likahesabika limesomwa. Mimi sikwenda kwa sababu nilikuwa nalinda shamba lisichukuliwe na wenye vijiti. Kanisani sikwenda kwa sababu hiyohiyo. Miezi mitano nimelinda kwa bidii nisije nikasikia kwamba hakuna cha kulinda.

Nikamfuata Deus, nikamweleza. Alikaa chini kwenye nyasi. Alicheka mpaka ng'ombe wakainua vichwa, halafu akasema tumbo bado linawaka. Mimi nikahesabu: tisini na mbili. Tukatazamana. Hapo ndipo nilipoamua kwenda kupimwa, na nataka uelewe kwamba niliamua mwenyewe kabla mama yako mdogo hajashuka na viatu vyangu mkononi.

Kwanza tulivuna eka mbili zilizokuwa zimeiva, maana ndege hawajui habari za presha. Halafu Ijumaa tarehe sita Deus akatupakia kwenye pikipiki yake, mimi katikati na Bernadetha nyuma ananishika kama mtu atakayeruka. Tulifika Ifakara saa tatu. Muuguzi ni binti mdogo kuliko wewe. Deus alipimwa wa kwanza: mia moja kumi na nane kwa sabini na sita, presha ya kijana wa shule. Tumbo lake ni vidonda, amepewa dawa. Mimi nilipimwa, muuguzi akaniambia nikae, nipumzike, akanipima tena mkono wa pili. Mia moja sabini na nane kwa mia moja na sita. Akauliza kama kichwa kinauma. Nikasema hakiumi hata kidogo. Akasema ndiyo hivyo.

Akaniandikia vidonge. Hapo tukabishana. Nilimweleza habari yote ya kiboko na kijiti, nikamwonyesha daftari. Alilisoma kweli, ukurasa kwa ukurasa, watu wakapanga foleni mpaka nje. Nikamwambia, binti yangu, mimi ugonjwa wangu ulikuwa na sababu, sababu imekufa wiki iliyopita, na ugonjwa utaifuata. Jumatatu wanafunzi wanakuja kung'oa vijiti. Nipe mpaka Jumanne, sina vijiti, sina mawazo, unipime tena, tuone nani anajua mwili wangu. Hakukubali. Alisema vidonge nianze leo. Nikavipokea nikavitia mfukoni, kwa sababu utafiti hauendi ukichanganya dawa katikati. Bernadetha aliniona. Hili tulilimaliza nyumbani, sitaliandika.

Tangu Ijumaa nimefanya kila kitu mnachoagiza ninyi wauguzi, isipokuwa vidonge. Nimelala nyumbani, kitandani, kijijini. Nimekula bila chumvi, chakula ambacho ni adhabu tosha. Jumapili nimekwenda kanisani na nimesikiliza matangazo yote mpaka la mwisho, la kupotea kwa beseni. Jumatatu saa nne asubuhi wakaja vijana wawili wenye viatu vya mpira. Wakasoma alama za matope kwenye vijiti, wakaandika, wakang'oa. Vyote vinne vilichukua dakika sita. Wakanishukuru kwa kuvitunza, maana mashamba mengine watu walivitumia kuni. Deus alipiga mluzi. Usiku huo nililala moja kwa moja mpaka jogoo, na asubuhi nilikuwa nacheka peke yangu njiani, muulize Deus aliyeniendesha. Sijawahi kuwa na moyo mwepesi namna ile tangu Kelestini afariki.

Mama yako Yosefina nitamweleza mimi habari ya mashine, kama utaniruhusu, au twende wawili. Tarehe ishirini uje hata hivyo. Njoo na mdomo tu, mizigo ya nini, mpunga upo.

Muuguzi alinifunga kile kitambaa mkononi Jumanne saa tatu na nusu, akabana, akaachia taratibu. Bernadetha alisimama upande mmoja na Deus upande wa pili. Kidonge cha kwanza nimemeza dakika hiyohiyo, mbele yao.

Baba yako mdogo,
Anselim

Namba ulizotaka, za Jumanne: 176 kwa 104.